Maji Yaliyokwenda Ufaransa

Saa kumi na mbili asubuhi Yudith alikuwa amesimama kwenye kichwa cha shamba lake, gauni amelikunja hadi magotini, jembe mkononi, anangoja maji. Ilikuwa Ijumaa, zamu yake. Alishafungua njia zote kati ya matuta ya maharage, akaweka udongo wa kuzibia pembeni, akamsimamisha binti yake Rogathe juu penye njia panda ya mfereji apige kelele maji yakitokeza. Rogathe hakupiga kelele. Jua likapanda, umande ukakauka, na mfereji ukabaki vilevile, mjusi anakatiza katikati bila wasiwasi wowote.

Maharage yalikuwa yametoa maua. Kila mwanamke wa Kirore anajua maana yake: ua likikosa maji siku hizo linaanguka, na likianguka hakuna kubembelezana. Tena mwaka ule hayakuwa maharage ya kuongezea mboga. Mahindi ya vuli yote yaliozea shambani kwa mvua za El Nino, mengine yakaota yakiwa bado kwenye gunzi. Yudith na mumewe Sifael walikuwa na watoto wanne na shamba hilo moja. Yakizaa, watakula, na mengine watabadilishana na mahindi ya watu wa tambarare. Yasipozaa, nyumba ile haina chakula mpaka mwezi wa pili.

Akapanda mlimani kwenda kuangalia ndiva.

Ndiva ni bwawa la udongo walilolichimba mababu zao. Jioni linafungwa, maji ya mfereji wa juu yanajikusanya usiku kucha; alfajiri linafunguliwa, wenye zamu wanamwagilia. Ndivyo wanavyolima huko milimani miaka yote, na mtu wa kufungua ndiva usiku alikuwa mwizi, hana jina lingine. Sasa Yudith alipofika juu alikuta tope tupu na vyura. Mzee Zefania, mwangalizi wa ndiva, alikuwa amekaa kwenye jiwe, kavaa koti jipya la kaki lenye mifuko minne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Rogathe. Umeamkaje?"

"Nimeamka na zamu yangu. Maji yako wapi?"

Mzee akajikuna shingo. "Yametumika."

"Yametumika na nani usiku?"

"Kwenye mashine kule kwa Erasmo."

"Mashine ya kahawa? Kahawa gani ya mwezi wa sita, mzee, wakati bado ni kijani?"

"Si kahawa," akasema Zefania, na hapo akatazama vyura. "Mpira. Kombe la Dunia, huko Ufaransa."

* * *

Mashine yenyewe ilikuwa ya kumenyea kahawa, ya chama cha ushirika, inazungushwa na maji ya ndiva. Ushirika ulipokufa na soko huria likaingia, Erasmo, aliyekuwa karani na mwenye funguo, akabaki na funguo. Baadaye zikaja karatasi za kuonyesha kwamba ameinunua. Nani alimwuzia, kwa idhini ya nani, hakuna aliyeambiwa. Sasa alikuwa amefunga dainamo kwenye gurudumu, akaleta televisheni na ungo wake wa kunasia matangazo kutoka Moshi, akapanga mabenchi mahali palipokuwa pakianikwa kahawa za wakulima. Mechi za makundi zilikuwa zinaanza: saa tisa na nusu, saa kumi na mbili na nusu, saa nne usiku, kila siku, siku kumi na sita mfululizo. Gurudumu likizunguka, maji yakishapita hapo hayarudi kwenye mfereji wa mashamba. Yanaporomoka korongoni, yanakwenda zake.

Yudith alimkuta mumewe anakunywa uji.

"Baba Rogathe, ulijua habari ya ndiva?"

"Habari gani?"

"Kwamba maharage yetu yanasubiri Wafaransa wamalize kucheza."

Sifael akashusha kikombe. Alikuwa mtu mpole, mikono mikubwa, aliyewahi kuwa beki wa kushoto wa timu ya shamba la mkonge alipokuwa kibarua huko chini. "Ni mechi za makundi tu," akasema. "Zikipita hizo, mechi zinabaki moja moja."

"Siku kumi na sita."

"Zitaisha, mke wangu."

"Maua yameshatoka. Niyaambie yarudi ndani?"

Sifael akasema atakwenda kuongea na mwenyekiti wa kijiji, Eliamini, jioni ileile, wayamalize kiume. Akaenda kweli. Akarudi saa sita usiku, na habari aliyorudi nayo ni kwamba Afrika Kusini wamefungwa matatu kwa bila.

* * *

Jumamosi Yudith alikwenda kwa mwenyekiti mwenyewe. Eliamini alimpokea kibarazani, hakumkaribisha kiti. Alisema jambo hilo lilipita kwenye kikao halali cha kijiji, Jumapili iliyopita, akidi ilitimia.

"Jumapili iliyopita wanawake wote tulikuwa msibani Chome," Yudith akasema.

"Sasa mimi nifanyeje kama mlikuwa msibani?"

"Mngetungoja. Anayemwagilia ni nani hapa Kirore? Ni ninyi?"

"Mama Rogathe, haya ni maendeleo. Kijiji kinaona dunia. Wewe unataka tubaki gizani na makande yetu?"

Akacheka, na vijana wawili waliokuwa wameegemea nguzo wakacheka naye. Makande! Watu wa milima ile wameshiba makande tangu wakiwa migongoni mwa mama zao, mahindi na maharage chungu kimoja, na mwenyekiti huyo alikuwa amejaza tumbo lake kwa hayohayo. Leo eti makande ni giza. Yudith alibana mdomo asije akasema neno ambalo mwanamke mwenye heshima zake hasemi.

Mchana ule Nijeria waliwafunga Wahispania matatu kwa mawili. Kelele zilisikika mpaka ng'ambo ya korongo, wanaume wanaruka na kukumbatiana, na chini ya sakafu maji yanakwenda, yanakwenda. Jirani yake Leticia, ambaye naye alikosa zamu siku ya Alhamisi, alikuwa uwani kwake anapepeta dagaa. "Twende Same," akamwambia Yudith. "Wilayani kuna bwana maji. Mimi nina mtoto mchanga, nenda wewe, nauli ya kwenda tutachanga."

* * *

Jumatatu alishuka na lori la kabichi, amekaa juu ya magunia, mikono imeshika kamba mpaka vidole vikafa ganzi. Barabara ilikuwa bado imemegwa na El Nino. Mara tatu abiria walishuka wakasukuma. Alifika Same saa sita, jua la tambarare linachoma, vumbi mpaka kwenye kope. Kwenye ofisi aliyoelekezwa alikuta karani wa kike amevaa viatu vya visigino.

"Mama, umekanyaga tope. Simama hapo hapo nje."

Yudith akasimama nje. "Nimekuja kumwona bwana maji."

"Una barua?"

"Sina barua. Nina maharage yanakauka."

"Barua ya mtendaji wa kijiji."

"Mtendaji wetu yuko kwenye mpira."

Karani akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka miguuni. Akamwonyesha benchi la nje. Yudith akakaa hapo saa saba, saa nane. Watu wenye barua wakaingia na kutoka. Saa tisa kasoro akaona waheshimiwa wanaanza kufunga milango, na mmoja anasema kwa furaha kwamba Tunisia leo watawaonyesha Waingereza. Akasimama katikati ya njia. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Miguu ilikwenda yenyewe.

"Nisamehe baba, wewe ndiye bwana maji? Nimetoka Kirore. Ndiva yetu inafunguliwa usiku kwa ajili ya televisheni."

Bwana maji alikuwa mtu mnene, si mkali. Alitazama saa. "Kirore, Kirore... Ninalo faili lenu. Erasmo aliniletea muhtasari wa kikao ili tumpe kibali." Akarudi mezani haraka, akafunua, akampa karatasi. "Mnajua kusoma ninyi? Haya, soma. Wanakijiji thelathini na mmoja wamekubali. Ndiva ni mali yenu, mmeamua wenyewe. Serikali siku hizi haiingilii."

Yudith alijua kusoma. Alisoma kidogokidogo, kidole juu ya mstari. Hoja ilitolewa na ndugu Erasmo. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, umeandikwa kwa mwandiko wa mtendaji anaoujua: hoja iliungwa mkono na ndugu Sifael, mkulima, mwenye shamba la mwisho wa mfereji, ambaye alisema haoni madhara.

Akasoma mara ya pili.

"Vipi?" akauliza bwana maji.

"Huyu ni mume wangu."

Bwana maji na karani wakatazamana, halafu wakacheka. Karani alicheka mpaka akashika mlango. "Mama wewe," akasema bwana maji, si kwa ubaya, anafunga kabati, "unashuka mlima wote huo kuja kumshtaki mumeo? Nenda kamalizaneni kitandani." Wakaondoka kwenda kuangalia Tunisia. Yudith akabaki na mlinzi, ambaye alimwomba naye atoke kwa sababu anafunga geti.

Alilala sakafuni kwa binti wa shangazi yake karibu na stesheni. Kesho yake asubuhi, Jumanne, zamu yake ya pili ilipofika, Rogathe alisimama peke yake kwenye njia panda ya mfereji mpaka akachelewa shule.

* * *

Yudith hakupiga kelele alipofika nyumbani. Hilo ndilo lililomtisha Sifael. Aliweka kikapu chini, akanawa miguu, akawapa watoto mikate aliyonunua Same, kisha akamwuliza mumewe mbele yao:

"Ulipata nini?"

Sifael alijua moja kwa moja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha boksi kilichokatwa kwa mkasi. Kilikuwa kimeandikwa "Makundi Yote – Bure", kimepigwa muhuri wa ushirika uliokufa.

"Hiki?"

"Erasmo alisema ndiva itakuwa imejaa tena kabla ya asubuhi. Nikapiga hesabu nikaona kweli, itajaa."

"Itajaa! Mfereji wa juu umefukiwa nusu na maporomoko ya El Nino, wewe mwenyewe ulikuwepo tunazoa mawe. Maji yanayoingia siku hizi ni ya kuoshea miguu. Sasa hesabu yako ilikuwa ya mwaka gani?"

Sifael akakigeuzageuza kile kipande cha boksi mkononi. Halafu akasema maneno ambayo ni haki yake yasemwe hapa, maana hakuwa mtu mbaya. "Mama Rogathe, nimecheza mpira pekupeku miaka saba. Sikuwahi kuona mtu wa rangi yangu anacheza na dunia nzima imekaa kimya inamtazama. Nilitaka nione hilo tu kabla sijafa."

"Mimi pia sijaona," Yudith akasema. "Labda hata mimi ningependa. Lakini mimi sikuulizwa."

Kipande cha boksi Sifael akakitupa motoni. Toka siku hiyo akaanza kuteka maji mtoni kwa ndoo, moja kichwani, moja mkononi, alfajiri mpaka shule zinatoka, akimimina shina baada ya shina. Shamba lenyewe ni ekari nzima. Ndoo ishirini zilikuwa zinamezwa na tuta moja. Na njia ya mtoni inapita mbele ya mabenchi ya Erasmo. "Sifael, wewe siku hizi ni timu ya ndoo?" wakamwuliza wale wale aliokuwa akikaa nao. "Nani anaongoza kundi?" Siku ya Jumamosi Erasmo mwenyewe alitoka mlangoni, kanzu nyeupe, kijiti cha meno mdomoni.

"Bwana Sifael, mbona unatutenga? Leo njoo na mama. Wanawake nusu bei."

Sifael alikuwa na ndoo kichwani, hakuweza hata kugeuza shingo. Alipita. Nyuma yake alisikia wanacheka, na aliporudi shambani alikuta tuta alilolimwagilia juzi limejaa maua madogo ya zambarau, yote chini.

* * *

Jumanne ya tarehe ishirini na tatu Kameruni walikuwa wanacheza na Chile saa kumi na moja jioni. Wakishinda, wanasonga mbele. Tangu asubuhi wanaume wa Kirore hawakuwa na habari nyingine. Wengine walitembea kutoka vijiji vya mbali, wamebeba viazi vya kuchoma. Mzee Zefania alikwishafungua ndiva mapema ili picha isije ikafifia.

Wanawake walikuwa kumi na wanne walipokutana kwenye kingo za ndiva. Hawakuwa wamepanga vita. Walikuja kuangalia tu kiasi cha maji kilichobaki, kwa sababu kesho ilikuwa zamu ya Yudith na wenzake watatu, na zamu hiyo ikipita bure hakuna tena cha kuokoa. Wakasimama wanatazama maji yanavyotoka kwa kishindo upande wa mashine. Leticia akatukana. Mwingine akasema wakatoboe televisheni kwa mawe, akanyamazishwa.

Ndipo akaja Lukia, mke wa mzee Zefania, mama wa makamo ambaye kwa kawaida sauti yake haisikiki hata kanisani. Chini ya kitenge alikuwa amebeba baragumu la msaragambo.

Asiyejua milima hiyo aelewe jambo hili. Msaragambo ni kazi ya wote. Mfereji ukibomoka, ndiva ikipasuka, pembe hiyo inapigwa, na hapo kila nyumba inatoka na jembe, awe mchungaji, awe mwenyekiti. Anayebaki ndani anatozwa faini mbele ya watu. Na pembe ikishalia, ndiva inafungwa pande zote. Tone haliondoki mpaka kazi iishe. Pembe hukaa nyumbani kwa mwangalizi. Imeandikwa wapi kwamba mkewe asiipige? Hakuna. Hakuna aliyewahi kufikiri kumkataza.

"Mzee wangu yuko benchi la mbele," Lukia akasema. "Amepewa koti, sasa anadhani na pembe ni ya Erasmo. Mama Rogathe, niambie. Nipige?"

Wote wakamtazama Yudith. Alifikiria karani wa Same na visigino vyake. Alifikiria ndoo za Sifael.

"Piga, mama."

Lukia akavuta pumzi. Mara ya kwanza ilitoka mbaya, ya pili ikatoka kamili, ikagonga mlima wa pili ikarudi. Wakati huo wanawake walikwishaingia kwenye tope, wanaburuta vigogo vya migomba, wanashindilia udongo kwa miguu, wanaziba upande wa mashine. Maji yakapungua. Yakawa uzi. Yakakatika.

Kule chini Kameruni walikuwa wamesharudisha goli, ni moja kwa moja, na wanashambulia. Picha ikasinyaa, ikawa nukta, ikazimika. Kilichosikika ni sauti ya watu mia moja wakisema "Aaah!" kwa pamoja, halafu matusi, halafu, katikati ya matusi, pembe. Na hapo ndipo utajua mazoea ni kitu gani: nusu yao, hasira zikiwa bado kichwani, walianza kupanda mlima kuelekea ndiva kabla hawajafikiri kwa nini.

"Nani ameitisha msaragambo?" Mwenyekiti Eliamini alikuwa anahema. "Kwa kibali cha nani?"

"Ndiva imeharibika," akasema Lukia.

"Imeharibika wapi?"

"Hapo." Akaonyesha upande wa mashine. "Inavuja."

"Tumelipa viingilio vyetu!" akafoka mtu nyuma. Erasmo alifika naye, kanzu imeshikwa mkononi isiburuze, watu wamemzonga wanadai warudishiwe. Akamgeukia Yudith. "Wewe mwanamke umenitia hasara. Nitakushtaki."

"Nishtaki," Yudith akasema. "Nenda Same. Uende na barua, na ufute viatu. Utawaambia nimekuibia maji ya kuangalia mpira, na mimi nitawaambia watoto wangu wanne watakula nini. Ninyi wanaume, pembe imelia. Majembe yenu yako wapi? Mmekuja mikono mitupu? Mwenyekiti, kila asiye na jembe anatozwa, si ndiyo sheria? Basi anza na wewe."

Mzee Zefania alikuwa ameshika vifungo vya koti lake anatazama chini. Kisha Sifael akatoka kwenye kundi, akavua viatu, akashuka ndani ya tope, akaanza kushindilia kwa mikono. Baada yake wakashuka wawili, watano. Wengine wakarudi nyumbani wakilaani, wakafungua redio, wakaambiwa Kameruni wametolewa.

* * *

Asubuhi ya Jumatano maji yalikuja. Rogathe alipiga kelele juu kwenye njia panda, na Yudith akayaona yanateremka, mazito, yanasukuma majani makavu mbele. Aliyagawa tuta kwa tuta, na Sifael anaziba nyuma yake, na shamba zima likalowa vizuri kupita mwaka wowote. Walifanya kazi hiyo kwa furaha, nisiseme uongo. Ila maua yalikuwa chini. Yaliyobaki mashinani yalikuwa machache, ya juujuu, na wiki tatu baadaye yalizaa viganda vyenye punje mbili, punje moja, vingine hewa. Wakavuna debe moja na nusu mahali walipokuwa wakivuna magunia manne. Leticia hakupata hata debe.

Na Erasmo? Siku mbili tu baada ya msaragambo alileta jenereta la petroli, akaonyesha mechi zote zilizobaki mpaka fainali. Kumbe lilikuwepo. Lilikuwa kwenye ghala lake la Same tangu mwezi wa tano, ila petroli inanunuliwa na maji ya ndiva ni ya bure. Wanawake wote kumi na watano, Lukia akiwemo, walitozwa kuku mmoja mmoja kwa kuitisha msaragambo bila idhini. Kuku hao walichinjwa siku ya fainali.

* * *

Mwezi wa nane wilaya ilituma mahindi ya msaada. Bwana shamba, kijana mmoja aitwaye Bahati, alikuja kwa baiskeli akaweka meza ndani ya ofisi ya kijiji. Manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu alfajiri, ukungu umefika mlangoni, na paa lilikuwa linavuja, hata ikabidi fomu zake azisogeze mara mbili zisilowe. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Foleni ilizunguka jengo.

Mkuu wa kaya ndiye wa kusaini, kwa hiyo Sifael alitangulia na Yudith akasimama begani kwake. Fomu ilikwishajazwa. Jina, idadi ya watoto, kilichopotea. Sehemu ya sababu ya hasara, kuanzia juu mpaka chini ya ukurasa, ilikuwa imeandikwa neno moja: ukame. La kwanza kabisa kwenye orodha lilikuwa jina la Erasmo, hasara yake kusimama kwa mashine kwa kukosa maji, na amepangiwa msaada wa magunia sita.

"Ukame?" Yudith akauliza. "Bwana shamba, wewe umekuja hapa kwa tope. Mwaka wa El Nino huu."

Bahati alikuwa na haya, ilionekana. "Ndivyo mwenyekiti alivyoleta taarifa, mama. Msaada wenyewe ni wa ukame."

"Andika maji yalipelekwa kwenye mpira."

"Hakuna sehemu ya hiyo."

"Basi futa hilo neno tu. Paache wazi."

"Nikifuta, kompyuta ya wilaya inaruka jina lenu. Mtakosa." Akashusha sauti. "Mama, naomba. Watu ni wengi nyuma."

Sifael alishika kalamu, hakuandika. Akamgeukia mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba kuambiwa la kufanya. Mwenyekiti Eliamini alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anachonga kucha kwa wembe, hata hakuinua macho. Yudith alitazama nje kwenye foleni, akamwona Leticia na mtoto wake mgongoni, mdomo wa mtoto umepauka.

"Weka sahihi, Baba Rogathe," akasema. "Watoto wanataka kula."

Sifael akaandika jina lake polepole, mbele ya neno lile. Wakapimiwa mahindi ya njano, nusu gunia, yana harufu ya ghala. Yudith alijifunga kitenge, akainama, mumewe akamsaidia kujitwisha.

"Poleni sana na ukame," Bahati akasema, kwa adabu, kama alivyofundishwa kumwambia kila mtu.

Neno la pole huko kwetu halipiti bila kujibiwa. Hata adui akikupa unaitikia. Yudith alisimama mlangoni, shingo imekaza chini ya mzigo, maji ya paa yanamdondokea begani.

"Mahindi nimepokea," akasema. "Pole siipokei."

Akatoka, akaingia mvuani.